Soko la Hadithi za Ajabu na Habari Zake

Hadithi za ajabu, jina linalotumika hapa kujumuisha hadithi za kisayansi, za uchawi na majini, za mizimu na za nyakati zijazo, si ngeni katika Kiswahili, kwani Shaaban Robert aliisimamisha nchi nzima angani katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, naye Katama Mkangi akampakia mhusika wake katika chombo cha angani katika Walenisi ya mwaka 1995. Lililo geni kwa waandishi wengi wa lugha hii ni soko la hadithi hizo. Yupo mwandishi anayeimudu sanaa yake barabara lakini hajui ni nani anayenunua hadithi, kwa bei gani na kwa masharti gani, wala hajui mlango wa mhariri hufunguliwa lini na kufungwa lini, na kwa kutojua huko kazi yake hubaki kabatini au, jambo lililo baya zaidi, huchukuliwa na mtu asiyestahili kuipata. Ujuzi wa soko ni sehemu ya kazi ya uandishi, na unaweza kufundishwa kama unavyofundishwa ujenzi wa wahusika.

Soko kubwa la hadithi fupi za aina hii limo katika Kiingereza, na mizizi yake ni majarida ya Marekani ya karne iliyopita, hasa Amazing Stories, ambalo Hugo Gernsback alilianzisha mwaka 1926 kwa ajili ya hadithi za kisayansi peke yake. Baada ya mwaka 2000 sehemu kubwa ya soko hilo ilihamia kwenye intaneti, yakazaliwa majarida kama Strange Horizons mwaka 2000 na Clarkesworld mwaka 2006, kisha Omenana, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2014 kwa ajili ya waandishi wa Afrika, na FIYAH, lililoanza mwaka 2017 likiwalenga waandishi weusi popote walipo. Kuhama huko kumemfaa sana mwandishi wa Mwanza au Mombasa, ambaye zamani angelazimika kupeleka mswada posta na kungoja miezi, ilhali leo huutuma kwa simu bila kulipa stempu.

Majarida ni mengi, na mengine hufa kimyakimya, hivyo zimezuka njia za kupashana habari ambazo kila mwandishi wa fani hii angepaswa kuzijua. Jarida la Locus, lililoanza mwaka 1968, huandika habari za wachapishaji, mikataba ya vitabu, tuzo na vifo vya waandishi, na anayelisoma kwa mwaka mmoja hupata picha ya nani anachapisha nini. The Submission Grinder, iliyoasisiwa na David Steffen mwaka 2013, ni orodha ya majarida isiyotozwa ada, ambamo waandishi wenyewe huandika tarehe waliyotuma hadithi na tarehe waliyojibiwa, kiasi kwamba mgeni anaweza kuona kama mhariri fulani hujibu baada ya siku tatu au baada ya miezi minane. Duotrope hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa malipo. Mwandishi mwenye kipato kidogo hana sababu ya kulipa kabla ya kuitumia vizuri ile ya bure.

Tangazo la jarida ndipo pa kutua na kusoma polepole, kwa maana kila sentensi yake ni sharti. Kwanza hutajwa urefu kwa idadi ya maneno, na katika fani hii hadithi fupi huhesabiwa kuwa ile isiyofikia maneno 7,500, huku kazi ya kuanzia maneno 40,000 ikiitwa riwaya. Halafu hutajwa malipo kwa kila neno. Chama cha waandishi wa fani hii nchini Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1965, kiliweka senti 8 za dola kwa neno mwaka 2019 kuwa kipimo cha malipo ya kitaalamu, na kwa kipimo hicho hadithi ya maneno 4,000 ingemletea mwandishi dola 320. Jarida likisema hulipa kwa heshima, maana yake ni kiasi kidogo kisichofuata hesabu ya maneno, na likinyamaza kabisa kuhusu fedha, mwandishi achukulie kwamba hazipo. Hufuata sharti la kutotuma kazi moja kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja, ambalo likivunjwa huharibu jina la mtu, kisha neno kuhusu kazi zilizokwisha kuchapishwa. Hapo wengi hujikwaa, kwani hadithi iliyowekwa wazi mtandaoni, hata kama haikumletea mwenyewe shilingi moja, wahariri wengi huihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa.

Haki ndizo kiini cha mapatano yote. Jarida la kuaminika hununua haki ya kuwa la kwanza kuichapisha hadithi kwa lugha fulani na kwa muda uliotajwa, kisha haki hurudi kwa mwandishi, ambaye anaweza kuiuza tena kwenye mkusanyiko wa hadithi, kuitoa kwa sauti, kuitafsiri au kumpa mtengeneza filamu. Mkataba unaodai haki zote, kwa lugha zote na kwa muda wote wa hakimiliki, kwa malipo ya mara moja, ni sawa na kumuuzia mtu mnazi kwa bei ya dafu moja. Huo haufai kutiwa saini, hata njaa ya kuonekana ikiwa kali.

Pamoja na hilo ipo kanuni iliyoenezwa na mwandishi James D. Macdonald, kwamba fedha humwendea mwandishi wala hazimtoki, nayo inatosha kumtambulisha wakala anayedai ada ya kusoma na mchapishaji anayemtaka mwandishi achangie gharama huku akijiita mchapishaji wa kawaida. Anayechapa kitabu chake mwenyewe kwa fedha zake amechagua biashara halali. Aliyedanganywa ni yule aliyeambiwa kuwa amechaguliwa, kisha akapewa bili. Kwa ajili ya watu kama huyo Ann Crispin na Victoria Strauss walianzisha mwaka 1998 kazi ya kukusanya na kutangaza malalamiko ya waandishi, kwa jina la Writer Beware, na ni vyema jina la kila mchapishaji asiyejulikana lipekuliwe humo kabla ya kalamu kugusa mkataba.

Habari za soko huchakaa upesi. Tarehe 20 Februari 2023 mhariri wa Clarkesworld, Neil Clarke, alifunga mlango wa kupokea hadithi baada ya kuzidiwa na kazi zilizoandikwa na programu za akili mnemba, ambazo kwa mwezi huo pekee zilikuwa zimepita 500. Mlango ulifunguliwa tena, lakini sasa matangazo mengi yana sharti linalokataza kazi za namna hiyo, na mwandishi anayetegemea orodha ya zamani hawezi kulijua.

Kwa Kiswahili chenyewe njia ni chache, na jambo hili linasikitisha. Hadithi fupi huchapishwa zaidi katika diwani zinazolenga shule, mfano wake ukiwa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine nchini Kenya, na mtaala huamua mengi kuhusu kinachokubaliwa. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, iliyokuja kujulikana baadaye kwa jina la Safal-Cornell, ilianza kwa kumpa mshindi wa kwanza wa riwaya dola 5,000, na mshindi wake wa kwanza wa riwaya alikuwa Anna Samwel Manyanza. Jarida la Jalada la Nairobi lilitoa mwaka 2015 toleo zima la hadithi za Afrika ijayo, na Strange Horizons lina tawi liitwalo Samovar, lililoanza mwaka 2017, ambalo huchapisha hadithi ya lugha nyingine pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, zote mbili zikisomeka.

Anayeutazama mlango huo wa tafsiri hana budi kufanya hesabu moja mapema. Neno kama hawatanisahau ni moja kwa Kiswahili lakini huwa matano kwa Kiingereza, na kwa hiyo mswada uliotoshea katika kikomo cha jarida unaweza kukivuka ukishatafsiriwa, na malipo ya kila neno yanaweza kuhesabiwa kwa maneno ya asili au kwa maneno ya tafsiri. Mwandishi na mfasiri wake huuliza hilo kwa maandishi, pamoja na namna malipo yatakavyogawanywa baina yao na njia ambayo fedha zitafikia benki au simu zao, kabla hadithi haijatumwa.