Mkoa wa Manyara na Timu Iliyohamia

Mwezi Mei mwaka 2025, tukiwa safarini kutoka Arusha kwenda Dodoma, tulilala siku mbili mjini Babati, na asubuhi ya siku ya pili mwenyeji wetu akatupeleka Mutuka, mojawapo ya kata za mji huo. Nia yetu ilikuwa kuulizia habari za mahindi. Lakini tulipofika kwenye baraza ya duka moja tuliwakuta watu wapatao kumi na watano, wengine wameketi juu ya magunia, wengine juu ya pikipiki zao, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa tayari kutuambia bei ya gunia. Mazungumzo yalikuwa ya kandanda, na yalikuwa makali.

Kwa faida ya ndugu zetu wa Visiwani ambao huenda hawajafika huko, inafaa tueleze kwamba Babati ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mji umekaa chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko. Kwa miaka mingi sifa ya sehemu hizo katika michezo ilikuwa ya riadha. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 huku mguu wake umefungwa bandeji, ni mtu wa Mbulu. Fabiano Joseph, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, ni mzaliwa wa Babati. Mpira wa miguu ulichezwa, naam, lakini Ligi Kuu watu wa huko waliisikia redioni tu, na kila mmoja alijichagulia Simba au Yanga kama watu wa pande nyingine za nchi.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2024, wakati timu ya Fountain Gate ilipoufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa nyumbani kwake. Ghafla mkoa ukawa na timu ya Ligi Kuu. Mwanzo wa msimu ulikuwa mzuri kupita matumaini ya watu. Timu ilikaa miongoni mwa zile za juu, na mfungaji wake aliyetajwa sana alikuwa Selemani Mwalimu, kijana ambaye wasomaji wetu wanamfahamu vizuri tangu alipokuwa akiifungia KVZ ya Unguja. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 kijana huyo akaenda Wydad ya Casablanca, Morocco. Hatumlaumu, na Mutuka hawamlaumu. Lakini tangu alipoondoka magoli yakawa adimu, na timu ikaanza kuteremka katika msimamo.

Tulipofika pale barazani, basi, swali lilikuwa moja: je, tutabaki? Ligi ina timu 16, kila moja hucheza michezo 30. Mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, nazo za nafasi ya 13 na ya 14 huingia katika mchujo. Kijana mmoja mwendesha pikipiki alikuwa na daftari la shule, ameandika humo michezo yote iliyosalia, na pembeni mwa kila mchezo pointi alizozitarajia. Alikuwa na hesabu tatu: hesabu ya heri, hesabu ya shari, na hesabu aliyoiita ya Mungu akipenda. Katika hesabu ya heri timu ilikaa salama. Wenzake walimchachamalia. Mmoja alimwuliza ni vipi amejiandikia pointi tatu ugenini wakati timu ilikuwa imefungwa nyumbani. Mwingine akamkumbusha tarehe 21 Aprili, siku ambayo Yanga walikuja hapo hapo Kwaraa wakaondoka na ushindi wa mabao manne kwa bila.

Kijana akajibu kwa kuitaja tarehe 6 Februari. Hapo baraza nzima ikacheka, kwani siku hiyo Simba walikuja Babati, wakatangulia kufunga, kisha mchezaji wao mwenyewe akarudisha mpira kwa kipa wake bila ya kutazama, ukajipitia hadi wavuni. Mchezo ukaisha moja kwa moja. Tuliuliza, kwa upole, ni wangapi kati yao waliofurahia bao lile. Kimya kikapita. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu akasema kwamba yeye ni Simba tangu utotoni, na siku ile alikwenda uwanjani amevaa fulana nyekundu. Bao lilipoingia alijikuta amesimama, na hadi leo hajui kama alisimama kwa uchungu au kwa furaha. Tulimwamini. Mtu hawezi kuacha timu ya miaka hamsini kwa sababu ya jirani aliyehamia msimu uliopita.

Na kwa hakika huyo mzee ndiye aliyeyageuza mazungumzo. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho wa daftari, kisha akasema kwamba hesabu zote hizo ni za kujua kama timu itabaki katika Ligi Kuu, lakini hakuna aliyepiga hesabu ya kujua kama itabaki Babati. Yeye, alisema, hatanunua fulana ya timu hiyo mpaka aione ikianza msimu wa pili hapo Kwaraa.

Sisi tuliona kwamba mzee ana haki ya kutilia shaka, na historia ya timu yenyewe inamwunga mkono. Timu hii iliwahi kujulikana kwa jina la Singida Big Stars. Kwa jina hilo ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi mwezi Januari 2023, ikafungwa na Mlandege mabao mawili kwa moja katika uwanja wa Amaan, usiku ambao hapa Unguja haujasahauliwa. Katikati ya mwaka huo huo ikawa Singida Fountain Gate, na kwa jina hilo ikaitoa JKU katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwaka uliofuata jina la Singida likaondoka, na timu ikahamia Babati ikiwa Fountain Gate peke yake. Hayo ni majina matatu na mikoa miwili katika muda usiotosha mtoto kumaliza darasa la tatu.

Wala watu wa Singida hawakubaki mikono mitupu, kwani walipata timu nyingine, nayo ilitoka kwa watu wengine. Wilayani Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kulikuwa na timu ya Ihefu. Mwezi Novemba 2022 timu hiyo ya kijijini iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga hawakuwa wamepoteza hata mmoja. Tunadhani hakuna siku iliyopata kuwa kubwa kuliko hiyo katika michezo ya Mbarali. Lakini mwaka 2024 Ihefu ilihamia Singida ikawa Singida Black Stars. Wakulima wa mpunga waliokuwa wakijaza uwanja ule walibaki na picha na masimulizi.

Hatusemi kwamba aliyefanya hivyo amevunja sheria. Kuendesha timu ya Ligi Kuu ni gharama kubwa: mishahara, safari za kutoka Babati hadi Ruangwa au Bukoba, malazi, matibabu. Mwenye fedha zake anayo haki ya kutafuta mahali penye uwanja unaofaa na uongozi unaompokea. Tunalosema ni kwamba wananchi wanapotakiwa kuishangilia timu kwa jina la mkoa wao, wakati mkoa hauna sauti yoyote katika kukaa kwake au kuondoka kwake, wanakopeshwa furaha bila ya kuambiwa siku ya kurudisha.

Zipo nchi ambako jambo hili haliwezekani kabisa. Huko Ireland kuna mchezo wao wa asili wa kandanda, unaochezwa na watu 15 kila upande, kwa miguu na kwa mikono pia. Chama kinachousimamia kiliundwa mwaka 1884. Bingwa wa nchi hupatikana kwa mashindano ya timu za kaunti, ambazo tunaweza kuzilinganisha na mikoa yetu, na kwa kawaida mchezaji huchezea kaunti yake tu, bila ya kulipwa mshahara. Ni mwalimu, au mkulima, au fundi, ambaye jioni hufanya mazoezi na Jumapili huingia uwanjani mbele ya majirani zake. Mwezi Julai 2025 kaunti ya Kerry iliishinda Donegal katika fainali kwenye uwanja wa Croke Park mjini Dublin, uwanja unaochukua watu zaidi ya 80,000. Shabiki wa Donegal alirudi nyumbani na huzuni, lakini huzuni ya kuamka asubuhi na kukuta timu imehamia kaunti nyingine haijui.

Nasi hatukuwa mbali na mfano huo. Wazee wa Bara wanayakumbuka mashindano ya Kombe la Taifa, ambamo kila mkoa uliteua vijana wake wenyewe. Katika ligi nako kulikuwa na zamu: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar miaka ya 1999 na 2000. Tangu mwaka 2001 kombe hilo limekuwa likipokezana Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 lilipokwenda kwa Azam. Kwa hiyo shabiki wa Mutuka anaposema ubingwa, hasemi kombe. Kwake ubingwa ni nafasi ya 12.

Hapa Visiwani tunayo bahati ambayo pengine hatuitambui. Mlandege ni mtaa. Malindi, waliotwaa ubingwa wa Muungano miaka ya 1989 na 1992, ni mtaa. Huwezi kuuchukua mtaa ukaupeleka Makunduchi. Hata timu za vikosi vyetu, ambazo ndizo zenye nguvu ya fedha, zina kambi na watu wao. Lakini fedha zinazidi kuingia katika mpira wa Unguja na Pemba pia, na tusidhani kwamba desturi pekee itatulinda. Ikiwa siku moja mtu atataka kununua timu ya mtaa na kuibadilisha jina, wahusika wanapaswa kuwa na jibu tayari, si kuanza kuunda kamati siku hiyo.

Kwa viongozi wa Manyara tunalo neno, ingawa wao si wasomaji wetu wa kila siku. Uwanja wa Kwaraa ulipokea kilele cha mbio za Mwenge tarehe 14 Oktoba 2023, na baada yake ukapokea Ligi Kuu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini uwanja mmoja mzuri katikati ya mji haulei mchezaji wa Mutuka. Tuliona watoto wakicheza nyuma ya duka lile lile, milingoti yao ni miti miwili na mawe, na kiwanja chenyewe tuliambiwa ni shamba ambalo mwenyewe atalilima mvua zikija. Ingekuwa vyema halmashauri itenge viwanja katika kata zake na kuviandikisha ili visije vikageuzwa nyumba. Ingekuwa vyema pia timu inayotumia jina na uwanja wa mkoa itakiwe kuwa na kikosi cha vijana wa mkoa huo huo, kinachofundishwa hapo hapo, ili hata ikihama, iwaache watu waliojifunza kitu. Na wanaosimamia soka nchini wangeweza kuweka sharti kwamba timu isihame mkoa kabla ya kutoa taarifa ya msimu mzima kwa uongozi na wananchi wa mahali inapotoka. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu wa kuyaandika na mwingine wa kuyatia sahihi.

Yaliyofuata yanajulikana. Hesabu ya heri ya yule kijana haikutimia. Fountain Gate ilimaliza nafasi ya 14, ikaingia katika mchujo na kushindwa na Tanzania Prisons ya Mbeya, kisha ikakutana na Stand United ya Shinyanga, timu ya ligi ya chini iliyokuwa ikitafuta kurudi juu. Huko ndiko ilikojiokoa, mwezi Julai 2025. Mwenyeji wetu alitupigia simu usiku huo; sauti za pikipiki zilikuwa nyingi nyuma yake hata hatukumsikia vizuri.

Alitupigia tena ratiba ya msimu wa 2025/26 ilipotoka. Jina la uwanja wa Kwaraa lilikuwamo. Tukamwuliza habari za yule mzee wa koti la kijivu. Akatuambia kwamba mzee alikwenda mjini kuulizia bei ya fulana, akaishika, akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma, kisha akairudisha kwa muuzaji akisema ni ghali mno, atangoja avune.