Mgonjwa wa Akili Aachwe Aseme Mwenyewe

Kutoka soko la Kariakoo hadi Hospitali ya Muhimbili, Upanga, si mbali. Familia nyingi hufika huko zikiwa na mgonjwa wa akili katikati, mama upande huu, shemeji upande ule. Mbele ya muuguzi wao ndio wanaojibu: halali, anaongea peke yake, kagoma kula. Mgonjwa anatazama sakafu.

Muuguzi aliyefundishwa vizuri huandika hayo yote, kisha huwaomba ndugu watoke nje. Wengine huona wamedharauliwa. Wasione hivyo. Lipo swali lisiloweza kuulizwa mbele yao: "Je, kuna mtu aliyewahi kukupiga, au kukuingilia bila ridhaa yako?" Huenda aliyefanya hivyo ndiye aliyelipa nauli.

Haulizi kwa udaku. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kwamba hapa Dar es Salaam, katika kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 walikuwa wamepigwa naye au kulazimishwa tendo la ndoa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walidhulumiwa kimwili kwa njia ya zinaa kabla ya kutimiza miaka 18. Naam, hata wavulana, na hao hunyamaza zaidi.

Mambo hayo hurudi baadaye: ndoto mbaya, kushtuka ovyo, ulevi, kichwa kinachouma bila vipimo kuonyesha kitu, hata mawazo ya kujiua. Nyumbani tunasema ni mapepo. Katika nyumba zetu za kupanga, ambako kikohozi cha jirani kinasikika ukutani, siri hii huweza kujulikana na wapangaji wote isitamkwe na hata mmoja.

Wapo wauguzi na waganga wasiouliza. Foleni ni ndefu, tena wanahofu: akisema ndiyo, nitafanya nini? Mwongozo wa Shirika hilohilo wa mwaka 2013 hauwadai makubwa. Wasikilize faraghani, wasihukumu, wasimlazimishe kueleza kila kitu, wahakikishe anakorudi kuna usalama. Kumwambia "samehe, yamepita" kabla hajamaliza kusema ni kumziba mdomo, na hapo sisi ndugu ndio hodari kuliko wauguzi. Akiwa mtoto, jambo haliwezi kubaki siri ya watu wawili. Afisa ustawi wa jamii huitwa.

Si kila ugonjwa wa akili umetokana na ukatili, na aliyepewa dawa asiziache. Lakini vidonge vitamsaidia kidogo sana anayerudishwa kulala chumba kimoja na aliyemuumiza.

Aliyebakwa asisubiri hata ugomvi wa ukoo uishe. Afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya muda huo. Kwenye vituo vya polisi ulizia dawati la jinsia na watoto. Na kwa habari za mtoto, simu namba 116 hupigwa bure.