Kwa Nini Majarida ya Wataalamu Hayana Haraka

Wanafunzi kadhaa wa Kidato cha Pili wameniuliza swali ambalo naona lafaa kujibiwa hapa: mtu akigundua jambo la kweli, yampasa kungoja nini hata lipigwe chapa? Gazeti hutoa leo asubuhi habari za jana. Mbona jarida la wataalamu laweza kuchukua miezi sita, au mwaka na zaidi?

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwandishi akipeleka makala, mhariri huisoma kuona kama inalifaa jarida lake. Ikifaa, huwatafuta mabingwa wawili au watatu wa somo hilohilo waipime. Hapo ndipo siku zinapokwenda, maana mabingwa hao wana madarasa yao ya kufundisha, na kwa kawaida hawalipwi hata senti. Wakiisha kusoma hurudisha maswali: Ulipima namna gani? Umerudia mara ngapi? Mwandishi hurekebisha, pengine hurudi maabara, na makala huanza safari ya pili. Mkumbuke kwamba madaktari nao huyategemea majarida ya namna hii. Kosa la kipimo cha dawa likishapigwa chapa, kulifuta ni kazi kubwa.

Tunao mfano wa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitia maziwa katika jokofu yangali moto, yakaganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu hakumsadiki. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaagiza jambo hilo lipimwe. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sawa! Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la Physics Education mwaka 1969. Miaka hiyo sita tusimlaumu mhariri. Mingi ilipita kabla hajapatikana mtu wa kupima.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika katika Scientific Reports kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na wengine wangali wakipima. Wanaotaka kujaribu waje maabara Alhamisi baada ya masomo, na daftari. Jokofu tunalo moja tu, kwa hiyo itakuwa kwa zamu.