Kupandisha maji puani: Sunna yenye faida, lakini yaangalie maji yako



Ndugu msomaji, kila Muislamu anayeswali huosha pua yake mara kadhaa kwa siku. Anayetawadha kwa kila swala ya faradhi, akapandisha maji mara tatu kila anapotawadha, amefanya hivyo mara 15 kwa siku moja. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza maji yale yanakwenda wapi yakishaingia puani na yana kazi gani, na walio wachache zaidi hujiuliza ni maji gani hasa wanayoyapandisha. Katika safu hii tutaeleza maradhi ya pua, ya vyumba vya hewa vya usoni na ya masikio, tutaeleza utafiti wa madaktari umeonesha nini, kisha tutataja tahadhari moja ambayo kila nyumba na kila msikiti unapaswa kuijua.

Pua inavyofanya kazi

Pua ni mlango wa mapafu. Hewa inayoingia huchujwa, hupashwa moto na hutiwa unyevu kabla haijafika kifuani. Ndani ya pua kuna utando wenye ute unaonata, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupiga kasia mchana na usiku vikisukuma ute kuelekea kooni, pamoja na vumbi, moshi na vijidudu vilivyonaswa. Kwa mtu mwenye afya, uchafu ulioingia puani huchukua kiasi cha dakika 10 hadi 20 kufikishwa kooni, ukamezwa na kuuawa na tindikali ya tumboni.

Pembeni mwa pua, ndani ya mifupa ya uso, kuna jozi nne za vyumba vya hewa ambavyo madaktari huviita sainasi. Vipo kwenye paji la uso, kwenye mashavu, katikati ya macho na nyuma zaidi ndani ya fuvu. Vyote hufunguka puani kwa vitundu vyembamba. Vile vya mashavuni vina tatizo la ziada: kitundu chake kiko juu, hivyo ute hauwezi kutoka kwa kuteremka, ni lazima vinyweleo viupandishe. Mafua au mzio ukivimbisha utando, vitundu huziba na ute hubaki humo. Hapo ndipo mtu hupata maumivu ya paji la uso na mashavu, kichwa kizito anapoinama katika rukuu na sujudi, kamasi nzito, na wakati mwingine maumivu ya meno ya juu hali meno yenyewe ni mazima.

Waganga wa Kiislamu walilichunguza jambo hili zamani. Al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki karibu na mwaka 925, aliandika risala kueleza kwa nini Abu Zayd al-Balkhi alikuwa akishikwa na mafua kila majira ya machipuko anaponusa mawaridi. Leo tungesema ana mzio.

Utafiti umesema nini

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 76 waliokuwa wakisumbuliwa na sainasi mara kwa mara. Baadhi yao waliosha pua kila siku kwa maji ya chumvi kwa muda wa miezi sita, wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Walioosha pua walipata nafuu zaidi na walitumia dawa za kuua bakteria mara chache zaidi.

Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi mkubwa zaidi kutoka Uingereza, uliohusisha wagonjwa 871. Safari hii walipimwa pia watu waliojifukiza kwa mvuke. Waliooshwa pua kwa maji ya chumvi walipata nafuu, ingawa si kubwa sana. Kujifukiza kulipunguza maumivu ya kichwa tu, hakukuponya dalili nyingine za sainasi. Basi wewe unayemfunika mtoto shuka juu ya sufuria la maji yanayochemka, ujue kuwa faida yake ni ndogo na hatari ya kumuunguza ni kubwa.

Hapa tuwe wakweli. Uchunguzi huu ulikuwa wa maji mengi yenye chumvi yanayopitishwa puani kama tiba, nao si sawa na udhu. Sisi hatutawadhi ili tupone mafua. Tunatawadha kwa sababu Allah (s.w.) ameamrisha na Mtume wake (s.a.w.) ametufundisha namna. Hatuna haja ya kuipamba ibada kwa madai ya kisayansi yasiyo na uthibitisho, kwani mtu anayejenga imani yake juu ya madai hayo huyumba siku yanapokanushwa. Inatutosha kufahamu kwamba usafi wa pua ni jambo jema kwa dini na kwa mwili.

Tahadhari: Kijidudu cha maji ya vuguvugu

Mwaka 1965 madaktari wawili wa Australia, Fowler na Carter, walieleza ugonjwa wa ubongo uliosababishwa na amiba anayeishi katika maji. Baadaye alipewa jina Naegleria fowleri. Amiba huyu hukaa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hasa yenye joto: maziwa, madimbwi, visima, na matangi yanayopigwa na jua bila kutiwa dawa. Haishi katika maji ya bahari.

Ukimmeza, hakudhuru. Hatari yake ni kupitia puani. Maji yakipanda juu kabisa ya pua, amiba hufuata mshipa wa fahamu wa kunusa na kuingia kwenye ubongo. Siku 1 hadi 12 baadaye mgonjwa huumwa sana kichwa, hupata homa na kutapika, kisha shingo hukakamaa, huchanganyikiwa na kupatwa na degedege. Dalili hizi hufanana na homa ya uti wa mgongo. Takriban wote wanaoupata hufariki, wengi ndani ya siku chache.

Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kuosha pua kwa kibirika maalumu walichotia maji ya bomba yasiyochemshwa. Mwaka huohuo madaktari wa Karachi, Pakistan, walichapisha taarifa ya wagonjwa 13 waliofariki kwa ugonjwa huu. Karibu wote hawakuwa wameogelea popote, hivyo kilichotiliwa shaka ni maji ya nyumbani yanayotumika kutawadhia. Mwaka 2012 Muislamu mmoja katika kisiwa cha St. Thomas, Visiwa vya Virgin vya Marekani, alifariki kwa ugonjwa huohuo, na uchunguzi ukauhusisha na maji aliyopandisha puani wakati wa udhu.

Ndugu msomaji, usishtuke ukaacha Sunna. Ugonjwa huu ni nadra sana. Mamilioni ya Waislamu hutawadha kila siku bila kudhurika, na Marekani yenyewe kwa kawaida huripoti wagonjwa wasiofika 10 kwa mwaka. Lakini ni ugonjwa usio na tiba ya uhakika, ilhali kinga yake ni rahisi. Mwenye akili hachezi na jambo la namna hiyo.

Ufanye nini nyumbani na msikitini

Kwanza, maji ya puani yawe salama. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja (dakika tatu kwa wanaoishi nyanda za juu zaidi ya mita 2,000), yaache yapoe, uyaweke kwenye birika au jagi safi lenye kifuniko. Huna haja ya kuchemsha maji ya udhu mzima, na mkaa hautakwisha kwa hilo. Kikombe kimoja kinamtosha mtu kwa pua yake, viungo vingine aoshe kwa maji ya kawaida.

Pili, tangi lifunikwe, lisafishwe mara kwa mara, na maji yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa. Kamati za misikiti zilichukue jambo hili kwa uzito uleule zinaouweka kwenye mazulia na vipaza sauti. Birika la maji lililoota ukijani haliifai nyumba ya Allah.

Tatu, ukiwa mahali usipoyaamini maji, usiyavute kwa nguvu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, wanahesabu kusukutua na kupandisha maji puani kuwa ni sunna katika udhu, na wakaeleza kuwa asili ya sunna hiyo hupatikana kwa maji kufika puani. Kuyavuta mpaka juu ni ukamilifu wa ziada. Hata hadithi ya Laqit bin Sabira (r.a.), inayohimiza kuyavuta vizuri, imemtoa aliyefunga. Wapo wanavyuoni wanaoona kupandisha maji ni wajibu, wakiwemo Mahanbali, kwa hiyo usiache kabisa bila kumuuliza sheikh wako. Fikisha maji sehemu laini ya mbele ya pua, kisha yapenge.

Nne, penga taratibu, tundu moja baada ya jingine. Kupenga kwa nguvu huku umebana matundu yote mawili husukuma kamasi kwenye mrija unaounganisha pua na sikio.

Ukitaka kuosha pua kama tiba, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi safi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Kifaa unachotumia kioshe na ukikaushe kila mara, na kila mtu awe na chake.

Masikio ya watoto

Mrija huo wa kutoka puani hadi sikioni ni mfupi na umelala zaidi kwa mtoto mchanga kuliko kwa mtu mzima. Ndiyo maana mtoto mwenye mafua huamka usiku akilia na kushika sikio, na baada ya siku chache usaha hutoka. Mama, mnyanyue kichwa mwanao unaponyonyesha au unapompa chupa, na usimweke karibu na moshi wa jikoni wala wa sigara.

Sikio linalotoa usaha si jambo la kuzoea. Lisipotibiwa, ngoma ya sikio hubaki na tundu na mtoto hupoteza usikivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto una sababu zinazozuilika. Mtoto asiyesikia vizuri hudhaniwa mkaidi, huchapwa madrasa kwa kutohifadhi sura, kumbe sauti ya ustadhi haimfikii. Mpeleke apimwe kabla hujamuadhibu.

Usitie sikioni mafuta ya moto, mafuta ya taa, maziwa ya mama wala kitunguu saumu. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti, pini au kijiti cha pamba, kwani nta ni kinga na hutoka yenyewe. Udhu unataka kupangusa masikio kwa vidole vilivyoloa, kidole cha shahada kwa ndani na gumba kwa nyuma, si kuchimba. Mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio azibe kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito anapooga.

Lini umuone daktari

Nenda hospitali ikiwa mafua yamepita siku 10 bila nafuu, au yalipoa kisha yakarudi kwa nguvu. Nenda haraka ukiona uvimbe kwenye jicho, kuona vitu viwili viwili, au kichwa kikali pamoja na homa na shingo kukakamaa. Katika hali hiyo ya mwisho, mweleze daktari kama mgonjwa alipandisha maji ya kisima au tangi puani, au aliogelea, siku za karibuni. Mtoto anayetoa uchafu unaonuka kwenye tundu moja tu la pua, huenda ameingiza shanga au punje ya hindi. Usijaribu kuitoa mwenyewe.

Usinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kila mafua. Mafua mengi husababishwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Matone ya kuzibua pua nayo yasizidi siku chache, kwani yakizidi pua huziba kuliko mwanzo.

Uislamu umekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, na umeufanya usafi kuwa mlango wa swala. Leo kabla ya Magharibi, fungua kifuniko cha tangi lako uangalie kilichomo.

Wabillahi tawfiq.