Kingamwili Zafichua Jinsi Kimelea cha Malaria Kitokavyo Katika Chembe ya Damu

Mtoto wa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, apatwapo na homa, mhudumu wa afya humchoma kidole na kudondosha tone la damu juu ya kipimo kidogo cha plastiki. Baada ya robo saa hivi, mstari wa pili ukijitokeza, mtoto ana malaria. Mstari huo ni kazi ya kingamwili, yaani protini ambazo kila aina yake hunasa umbo moja na kuyaacha mengine.

Sifa hiyohiyo hutumiwa na wataalamu kuchunguza jambo gumu zaidi: kimelea hutokaje? *Plasmodium falciparum* huishi ndani ya chembe nyekundu kwa saa zipatazo 48, kisha huipasua, na vimelea vichanga humwagika katika damu. Lakini chembe hiyo si kifuko kilegevu. Chini ya utando wake umetandazwa kiunzi cha protini iitwayo spektrini, mfano wa wavu, kilichofungwa kwenye utando kwa vifundo. Kifundo kimojawapo ni protini ya bendi ya 3, inayoshikwa na ankirini. Wavuvi wa Bagamoyo wajua vema kwamba wavu uliofunguka kwenye kamba yake hauzuii kitu.

Kinachofungua kifundo hicho ni fosfeti. Kimeng'enya cha chembe yenyewe, Syk, huipachika fosfeti juu ya tairosini za bendi ya 3, nayo bendi ikaachana na ankirini. Nyongeza hiyo haifikii hata sehemu moja katika elfu ya uzito wa protini nzima. Itaonwaje basi?

Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, walionyesha namna ya kupata kingamwili za aina moja tupu. Mwaka 1981 zikatangazwa kingamwili zilizotambua tairosini yenye fosfeti. Chembe hupasuliwa, protini zake zikatenganishwa kwa umeme ndani ya jeli, zikahamishiwa kwenye karatasi maalumu, kisha kingamwili zikamwagiwa juu. Mahali ziliponasa hung'aa.

Hapa uangalifu mkubwa wahitajika. Chembe ikisha kupasuliwa, vimeng'enya vingine huanza mara moja kuibandua fosfeti. Visipozuiwa, mtafiti ataona giza na kudhani fosfeti haikuwako. Tena hana budi kuiondoa fosfeti kwa makusudi katika sampuli nyingine: mng'ao ukibaki, kingamwili yake ni ya uongo.

Philip Low wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake walieleza mwaka 2016 kwamba imatinibu, dawa ya saratani ya damu, huzuia Syk, na vimelea hushindwa kutoka. Katika majaribio ya Vietnam yaliyotangazwa mwaka 2021, wagonjwa walioongezewa dawa hiyo juu ya tiba ya kawaida walisafika damu upesi zaidi.

Huko Kagera vimelea vyenye dalili za ukinzani dhidi ya artemisinini vimekwisha kuonekana. Kimelea huweza kubadili jeni zake kuikwepa dawa. Lakini Syk ni mali ya binadamu, na jeni yake haimo mikononi mwa kimelea.