Pikipiki kubwa zisizo na kava: tuchukue ya zamani au mpya? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa Honda CB750 ya mwaka 1969 na Kawasaki Z1 ya 1972, mashine mbili za Japani zilizoweka umbo ambalo hadi leo ndilo linalowajia watu wengi wakitajiwa pikipiki kubwa: silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, taa ya mviringo, usukani mpana, shokapu mbili nyuma, na injini yote iko nje, haijafunikwa na plastiki. Leo tunamgeukia mnunuzi. Fedha anayo. Sokoni anakuta za miaka ya tisini, za miaka ya elfu mbili na kitu, na zilizotoka kiwandani juzi. Aamue kwa kigezo gani?

Wengi huanza na cc, halafu nguvu za farasi. Kwa pikipiki za ukoo huu vipimo hivyo viwili vinapotosha, na chanzo chake ni historia ya Japani yenyewe. Kwa miaka mingi viwanda vya huko vilikubaliana kutouza ndani ya nchi pikipiki inayozidi cc 750. Kikwazo hicho kilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kilibaki kingine: nguvu isizidi farasi 100, na hicho kikadumu hadi 2007. Leseni nayo ilikuwa kisiki. Tangu 1975, aliyetaka kuendesha pikipiki inayozidi cc 400 alipaswa kwenda kufanya mtihani kwenye kituo cha leseni cha serikali, na waliofaulu walikuwa wachache mno. Mwaka 1996 utaratibu ukalegezwa, shule za udereva zikaruhusiwa kuwafundisha na kuwapima watu kwa leseni hiyo, na watu wa makamo waliokuwa wakizitamani pikipiki hizi tangu ujana wao wakamiminika.

Viwanda vilikuwa tayari vinawasubiri. Kawasaki ilikwishaonyesha kwa Zephyr ya cc 400, mwaka 1989, kwamba umbo la zamani bado lina wapenzi. Honda ikatoa CB1000 Super Four mwaka 1992, Yamaha ikajibu kwa XJR1200 mwaka 1994. Mwaka 1998 zikaja XJR1300 na CB1300 Super Four, na mwaka 2001 Suzuki GSX1400 na Kawasaki ZRX1200. Haya ndiyo majitu manne ya zama zile, na ndiyo yanayojaza soko la mitumba la Japani la pikipiki za aina hii.

Kwa matoleo yaliyouzwa Japani, yote manne yaliandikiwa farasi 100. Kwenye karatasi ni watoto wa baba mmoja. Barabarani kila moja ina tabia yake. GSX1400, yenye cc 1,400 na ushei, inatoa nguvu zake injini ikiwa bado inazunguka polepole, kiasi kwamba unaweza kupanda mlima ukiwa gia ya juu bila kugusa klachi. Injini ya XJR1300 inapozwa kwa upepo na oili peke yake, haina rejeta ya maji, na asili yake ni pikipiki za safari za Yamaha za miaka ya themanini. Inanguruma na kutetemeka kwa namna ambayo wapenzi wake hawabadilishani na kitu. CB1300 inapozwa kwa maji, ni tulivu na pana, na inamsamehe dereva makosa mengi. ZRX1200 ndiyo nyepesi kwenye kona. Tofauti hizo huzioni kwenye jedwali la farasi, kwa hiyo jedwali hilo liweke kando.

Swali linalofaa kuulizwa kwanza ni hili: petroli inaingiaje kwenye injini?

Msomaji anayeijua bodaboda anaijua kaburata. Boxer ya cc 100 inayo moja. Ikiziba, fundi wa kijiweni anaifungua kwa bisibisi, anapuliza tundu la jeti, anarudisha, na mteja anaondoka. XJR1300 ya mwaka 1998 inazo nne, zimefungwa bega kwa bega nyuma ya silinda, mahali ambapo mkono unapita kwa shida. Kila moja inalisha silinda yake, na zote nne lazima zifungue kwa kipimo kilekile. Moja ikifungua zaidi ya wenzake, injini inatetemeka ikiwa sailensa, inakohoa ukiachia akseleta, na petroli inaliwa bure. Kuzisawazisha kunahitaji geji nne za kupima mvuto wa hewa na fundi mwenye subira. Kisha kuna hatari ya kuegesha. Pikipiki ikikaa miezi miwili mitatu bila kuwashwa, petroli iliyobaki kwenye vikombe vya kaburata inakauka na kuacha utando kama varnishi, na wa kwanza kuziba ni mfereji mwembamba wa sailensa. Mipira inayounganisha kaburata na injini nayo inazeeka, inapata nyufa, hewa ya ziada inaingia, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Mnunuzi asiyejua atabadilisha plagi, kisha koili, kisha betri, na ugonjwa utabaki palepale.

Lipo pia suala la mwinuko, ambalo kwetu lina uzito wake. Kaburata iliyopangwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kama ya Mombasa, ikifika Nairobi kwenye mita 1,700 na zaidi inakuta hewa nyembamba huku yenyewe ikiendelea kumimina petroli ileile. Plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, nguvu inapungua. Mfumo wa injekta hauna shida hiyo, kwa sababu kompyuta yake inasoma shinikizo la hewa na joto na kupunguza petroli yenyewe. Dereva hajui hata kama kuna lililobadilika.

Majitu yetu manne hayakuingia kwenye injekta kwa pamoja. Suzuki GSX1400 ilizaliwa nazo mwaka 2001. Honda iliitengeneza CB1300 upya mwaka 2003, ikaipunguzia uzito na kuipa injekta. XJR1300 ilisubiri hadi toleo la 2007. Kawasaki ilikuja mwisho, mwaka 2009, kwa toleo lililoitwa ZRX1200 DAEG. Kwa hiyo mnunuzi akikuta XJR ya 2006 na nyingine ya 2007 zimeegeshwa pamoja, za rangi moja na bei zinazokaribiana, asidhani tofauti yake ni mwaka mmoja. Ni zama mbili. Mimi ningelipa ziada kwa hiyo ya pili bila kusita, isipokuwa kwa mtu ambaye ana fundi wa kaburata anayemwamini na anaipenda kazi yenyewe ya kuzitunza.

Swali la pili ni la breki, na hapa sina maelewano.

Pikipiki hizi, zikiwa na oili na petroli, zina kilo kati ya 240 na 270. Ongeza dereva, na pengine abiria. Unapobana breki ya mbele kwa hofu, mtoto akikatiza barabara au daladala ikisimama ghafla, uzito wote unalalia gurudumu la mbele. Gurudumu likijifunga, usukani hauna kazi tena. Pikipiki inalala chini kwa muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii, na mvua ya kwanza ya msimu, ile inayochanganya vumbi na oili ya lami, inafanya hivyo hata kwa dereva mzoefu. ABS inasoma mzunguko wa gurudumu kupitia pete yenye meno au vitobo iliyofungwa karibu na diski; ikiona gurudumu linataka kusimama kabla ya pikipiki, inalegeza shinikizo la breki na kulirudisha, mara nyingi kwa sekunde moja, kasi ambayo kidole cha mtu hakiiwezi.

Sasa angalia majitu manne. XJR1300 haikuwahi kupewa ABS hadi ilipoacha kutengenezwa. GSX1400 pia. DAEG pia. Ni CB1300 peke yake iliyokuwa na toleo la ABS, kuanzia 2005. Polisi wa barabarani wa Japani walitumia pikipiki iliyojengwa juu ya CB1300 hiyohiyo, nyeupe tupu, na wao ni watu wanaoendesha mvuani kama kiangazini. Kwangu jambo hilo moja linaiweka CB1300 ya injekta na ABS mbele ya wenzake wote wa zama zake. Nakiri kwamba sauti ya XJR ni tamu zaidi na DAEG inageuka kwa wepesi zaidi. Sifa hizo ni za siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri.

Sheria ndizo zilizofunga ukurasa wa majitu haya. Kanuni mpya za moshi zilizoanza Japani mwaka 2016 ziliikuta injini ya XJR inayopozwa kwa upepo haiwezi kutimiza masharti bila kujengwa upya, na DAEG nayo ikaishia hapo kwa toleo la mwisho. GSX1400 ilikwishaondoka karibu miaka minane kabla. Kuanzia Oktoba 2018 Japani ikaagiza kila modeli mpya ya pikipiki inayozidi cc 125 iwe na ABS. CB1300 ilivuka vizingiti vyote viwili, ikafika farasi 113 mwaka 2021 pamoja na akseleta ya umeme na kifaa cha kushika mwendo kwenye barabara kuu, na ikaagwa rasmi kwa toleo la mwisho la 2025.

Mrithi wa umbo la zamani ni Kawasaki Z900RS, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2017. Ukiitazama kwa mbali, tangi lake lenye umbo la tone na mkia uliopinda juu vinakurudisha moja kwa moja kwenye Z1. Ukiinama utaona shokapu moja nyuma iliyolazwa, rejeta, breki za kisasa mbele, ABS, na mfumo unaozuia gurudumu la nyuma kuteleza ukivuta akseleta kwa pupa. Toleo la kwanza lina injini ya cc 948 na farasi 111. Uzito wake, ikiwa na kila kitu, ni kilo 215. Linganisha na kilo 266 za CB1300 ya 2021. Kilo hamsini ni mfuko mzima wa saruji. Tofauti hiyo utaijua siku ya kuisukuma kinyumenyume kutoka gereji yenye mteremko, au utakaposimama kwenye foleni yenye changarawe mguu mmoja ukiwa chini.

Kuna unachokipoteza. Tangi la Z900RS ni la lita 17, la CB1300 ni lita 21, na kwa safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya lita nne ni kitu. Injini ndogo inataka izungushwe zaidi ili itoe kile ambacho jitu la cc 1,300 linatoa bila haraka. Na umeme umeongezeka: taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu atabaki kukisia. Kabla ya kununua mpya, uliza katika mji wako nani ana mashine hiyo. Kama jibu ni hakuna, CB1300 ya 2005 hadi 2017, yenye injekta na ABS lakini bila akseleta ya umeme, ni chaguo la busara zaidi kuliko zote nilizotaja.

Kuhusu pikipiki zenye umbo jipya kabisa, kama Yamaha MT-09 ya silinda tatu au Honda CB1000 Hornet, nitasema machache. Ni nyepesi, zina nguvu nyingi, na teknolojia yake imetoka kwenye pikipiki za mbio. Lakini hasira yake inamfaa dereva ambaye tayari ameshaizoea pikipiki kubwa. Anayetoka kwenye cc 150 asianzie huko.

Ukiamua kununua iliyotumika, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi. Gusa mabomba manne ya ekzosi pale yanapotoka kwenye injini. Yawe baridi yote. Kisha iwashwe, na ndani ya sekunde chache dondoshea tone la maji kila bomba. Matone matatu yakikauka na la nne likabaki limetulia, silinda hiyo haichomi, na kwa pikipiki ya kaburata umeshaujua ugonjwa. Pitisha ukucha juu ya nguzo za chrome za shokapu za mbele: ukikwama kwenye kidonda cha kutu, sili za oili zitavuja hata ukizibadilisha, maana kidonda kitazikata tena. Fungua tangi umulike ndani kwa tochi. Inyanyue pikipiki hadi gurudumu la mbele lielee, ugeuze usukani polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Ukihisi unanasa katikati, bearingi za shingo zimekwisha. Mwisho soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka minane ni gumu na linateleza, na kwa pikipiki ya kilo 260 hesabu bei ya tairi mbili mpya ndani ya bei ya ununuzi kabla hujampa mtu mkono.

Wiki ijayo: urefu wa kiti, urefu wa mguu, na namna ya kuishika pikipiki nzito kwenye mwendo wa polepole.