Uanzishaji wa Uelekezi Kazini katika Karakana Ndogo za Samani za Keko, Temeke

Makala haya yanafafanua masharti ya msingi ya kuanzisha utaratibu wa uelekezi kazini katika karakana ndogo za samani zilizopo Keko, wilayani Temeke. Uelekezi kazini ni uhusiano uliopangwa baina ya fundi mzoefu na mwanagenzi, wenye malengo, muda maalumu na upimaji. Sifa hizo tatu huutofautisha na desturi ya saidia fundi, ambapo kijana hujifunza kwa kutazama huku akipiga msasa, kubeba mbao na kutumwa.

Desturi hiyo haistahili kubezwa, kwani imewapa ufundi vijana wengi wasiopata nafasi vyuoni. VETA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hata hivyo, urasimishaji huja baada ya ujuzi kupatikana. Hauamui mwanagenzi afundishwe nini wala kwa muda gani. Pengo hilo ndilo ambalo uelekezi unapaswa kuliziba.

Kikwazo kikuu ni cha kiuchumi. Fundi anayelipwa kwa kazi hupoteza kipato kila anaposimama kuelekeza. Aidha, mwanagenzi akishaiva huweza kufungua karakana jirani na kugawana naye wateja. Kwa hiyo, ukimya wa fundi kuhusu ukadiriaji wa mbao na upangaji wa bei ni kinga ya riziki yake. Utaratibu unaomtaka afundishe pasipo fidia humtwisha mtu mmoja gharama ya manufaa ya wengi.

Kutokana na hoja hiyo, hatua nne zinahitajika. Kwanza, mmiliki wa karakana amfidie mwelekezi kipato anachokikosa. Pili, mkataba wa maandishi utaje stadi, muda na posho, kwa kuzingatia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayokataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Tatu, kitabu cha kumbukumbu kioneshe maendeleo kuanzia upimaji na ukataji hadi uungaji, upakaji vanishi na ukadiriaji wa gharama. Nne, upimaji ufanywe na mtu mwingine, kwa mfano mkufunzi wa kituo cha VETA cha Chang'ombe, kilichopo wilayani humo humo. Mwelekezi mwenye kauli ya mwisho anaweza kumchelewesha mwanagenzi ili aendelee kunufaika na kazi yake.

Hoja hizi zinawahusu pia wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Kinondoni, ambao kipato chao hutegemea kinyago kilichouzwa. Kote kuwili, mafanikio yapimwe kwa kazi anayoachiwa mwanagenzi kuifanya peke yake. Iwapo muda wa mkataba umekwisha naye angali anapiga msasa, kilichoanzishwa ni njia nyingine ya kupata vibarua wa bei nafuu.